Fundi wa bodi kutoka Nakuru anauliza: si F-5 zetu tuzipige rangi ya stelthi tu?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Nakuru, fundi wa bodi za magari, na nimelifupisha kidogo tu: "Mzee, habari ya Kisumu. Nimeona Boeing waliwahi kuchukua F-15, ndege ya kivita ya zamani kabisa, wakaiwekea vitu vya stelthi, yaani vya kuificha isionekane kwa rada, ndio wauzie nchi za nje. Mbona hakuna aliyenunua? Na hizi F-5 zetu za Nanyuki, kwani haziwezi kukunjwa mkia, zipigwe ile rangi ya kumeza rada, tuachane na kununua ndege mpya za mabilioni? Mimi naona hii ni kazi ya mabati na spreyi."

Kijana wangu, Kisumu ni salama, ni joto tu. Nimecheka lakini sio kwa ubaya, manake hata mimi nilianza na mawazo hayo hayo. Nimefanya bodi za ndege miaka 19, kukata alumini, kugonga riveti, kuziba nyufa, na sai niko na gereji yangu ndogo hapa Kibuye ambapo nanyoosha probox za watu, kwa hivyo umeniuliza kama fundi na nitakujibu kama fundi. Kazi yenyewe inawezekana. Kunja, paka, ficha, yote yanafanyika. Shida ni kwamba ukimaliza utakuwa umelipa pesa ya stelthi na rada bado inakuona ukiwa mbali.

Tuanze na rada, hapo ndipo watu wengi hupotelea. Rada inatuma wimbi, wimbi linagonga ndege, kidogo kinarudi, na kile kinachorudi ndio kinapimwa, ndege ikirudisha kingi tunasema alama yake ya rada ni kubwa. Sasa kuna hesabu moja ambayo watu wa kuuza ndege hawapendi kukuonyesha. Wimbi linatawanyika likienda, alafu likirudi linatawanyika tena, kwa hivyo umbali unaingia kwenye hesabu mara 4, yaani umbali mara umbali mara umbali mara umbali. Ukitaka rada ikuone kwa nusu ya ule umbali wa kwanza, kupunguza alama yako nusu haitoshi hata kidogo, lazima uipunguze mara 16.

Wacha nikuwekee barabara unayoijua. Chukulia rada iko hapa uwanja wa ndege wa Kisumu na wewe unatokea kwenu Nakuru na ndege ya kawaida, na rada inakushika ukiwa juu ya Nakuru pale pale, ambayo ni kama kilomita 145 ukinyoosha moja kwa moja (sahau milima kwanza, sahau na kona za Londiani). Ukipunguza alama nusu, rada inakuona kwenye kilomita 122. Yaani umetoka tu nyumbani, umepita Njoro, Molo hujafika, na ushaonekana. Ukipunguza mara 10 inakuona kwenye kilomita 82, hapo Londiani umeiacha nyuma. Mara 100, kilomita 46, uko upande wa Muhoroni unanusa miwa. Ni mpaka upunguze mara 10,000 ndio unafika umepita Ahero, kilomita 14 na kitu, kabla mtu wa rada hajaweka chai chini. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa inakata kilomita 15 kila dakika, kwa hivyo yule wa nusu amewapa adui dakika 8 za kujipanga na yule wa 10,000 amewapa dakika 1 hivi.

Hiyo nusu sikuitoa hewani. Mwaka wa 2013 Boeing hao hao walirusha ndege ya kivita ya Super Hornet ya majaribio ambayo waliivalisha matangi ya mafuta yaliyolala juu ya mgongo na kasha la kufungwa chini ya tumbo la kubebea makombora, na wakasema alama yake ya rada imepungua asilimia 50 kulinganisha na kiwango ambacho jeshi la majini la Marekani liliitaka Super Hornet iwe nacho. Kwa brosha inasomeka tamu sana. Kwa barabara yetu ni Nakuru mpaka Njoro. Lile kasha halikuingia hata kwenye Super Hornet mpya ambazo jeshi la majini lenyewe lilinunua baadaye.

Sasa swali la fundi: ni nini hasa kwenye ndege kinachorudisha wimbi? Nataka ufanye jaribio moja, halikugharimu hata mia mbili. Nenda kwa mtu wa vioo hapo mjini umwombe vipande 3 vya mraba vya kioo cha kujitazama, vile vya mabaki, uvigandishe vikae kama kona ya chumba, mmoja ni sakafu na 2 ni kuta. Funga jicho moja uangalie ndani ya ile kona. Sogea kushoto, sogea kulia, inama, panda stuli. Popote utakapoenda jicho lako liko pale pale kwenye kona linakuangalia, halikuachi. Kona ya digrii 90 inarudisha kitu kule kule kilikotoka na haijali umesimama wapi. Ndio siri ya zile riflekta nyekundu za nyuma ya baiskeli, ndani zimejaa vikona vidogo vidogo, taa ya lori ikizipiga mwanga unamrudia dereva badala ya kwenda zake.

F-15 ilipaa mara ya kwanza 1972 na wakati huo hakuna aliyekuwa anawaza kona. Iko na mikia 2 imesimama wima kama milango, na kando yake ile mikia ya kulala, na mahali wima inakutana na ya kulala umepata kona yako. Ndio maana kwenye ile Silent Eagle, ndiyo hiyo F-15 ya Boeing uliyoniuliza, iliyoonyeshwa Machi 2009 kule St. Louis, kitu cha kwanza macho yanaona ni ile mikia imelazwa nje digrii 15. Kona ya 90 imekuwa sio ya 90, mwangwi umepotea njia. Mpaka hapo uko sawa, ni kukunja mabati, ingawa mkia wa ndege ukiuinamisha umebadilisha pia venye ndege inajiendesha na lazima kompyuta ya usukani ifundishwe upya.

Ubao tambarare nao uko na tabia yake. Siku moja jioni panda kilima cha Riat uangalie mji wa Kisumu, utaona bati moja linawaka kama jua lenyewe, ukisonga hatua 10 limezima na lingine la mbali limewaka. Bati tambarare linatupa mwanga upande mmoja tu, ukiwa nje ya ule upande hulioni. Hiyo ndiyo F-117, ndege ya stelthi ya Lockheed, iliyopaa 1981, mwili wote ni vibao vimekatwa kwa pembe za ajabu ili kila kimoja kitupe wimbi mahali ambapo hakuna mtu. Na hesabu ya kuwawezesha ilitoka kwa Mrusi, Pyotr Ufimtsev, aliichapisha 1962 kwa Kirusi na wakubwa zake hawakuona ina maana yoyote ya kijeshi, Wamarekani ndio wakaitafsiri wakaisoma. Huwa nawaambia vijana wa gereji hii hadithi wakinidharau nikisoma karatasi zilizofungia maandazi.

Umbo basi ndilo linafanya kazi kubwa, na umbo huliongezi baadaye. Hapo ndipo ndege ya zamani inakwama. Unaweza kuinamisha mkia, lakini mdomo wa hewa wa injini je? Wimbi likiingia kwenye ule mdomo linagonga mapanga ya feni yanayozunguka na kutoka tena likiwa na nguvu, na vibaya zaidi linatoka likiwa na mtetemo wa yale mapanga, rada nzuri inaweza kuutumia kujua ni injini ya aina gani. Dawa ni kupinda bomba la hewa kama nyoka ili feni isionekane kutoka mbele, ama kuweka vizuizi ndani ya bomba. Vizuizi vinakaba hewa. Mfano wa wazi ni B-1, ndege kubwa ya Marekani ya kuangusha mabomu: toleo la kwanza, B-1A, lilikuwa linafika Mach 2.2, yaani mara 2.2 ya mwendo wa sauti, alafu walipolifufua kama B-1B miaka ya 80 na alama ya rada iliyopunguzwa, midomo ya hewa ikabadilishwa na vizuizi vikaingia, mwendo ukashuka mpaka kama Mach 1.25. Ona hiyo bei. Hawakulipa dola peke yake, walilipa karibu nusu ya mwendo.

Kuna chumba cha rubani pia, watu husahau. Kioo kinapitisha wimbi kama kinavyopitisha mwanga, na ndani kuna kiti cha chuma, kofia, masanduku, kona tupu. Kwenye F-16, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, walipaka kioo utando mwembamba wa kupitisha umeme, ndio maana F-16 nyingine ukizitazama kioo kinang'aa rangi ya dhahabu, wimbi linateleza nje badala ya kuingia kufanya fujo. Hii ni kazi ya bei ya wastani na inasaidia kweli, sikatai. Kuna pia antena ya rada yenyewe kwenye pua, sahani nzima imesimama inatazama mbele.

Alafu mizigo. Hapa ndipo nataka usikie vizuri. Wewe chukua matatu ya Busia, ipige bodi ing'ae, uondoe kila kidoa, alafu kondakta apandishe kwa kerea magunia ya mahindi, godoro, baiskeli na kuku 6. Ndio ndege ya zamani ikienda vitani. Makombora yananing'inia nje, vishikio vyake ni kona, mapezi ya kombora ni kona, matangi ya ziada ni mapipa. Ndege tupu ya maonyesho iko na alama moja, ndege iliyobeba silaha iko na alama nyingine kabisa, na hakuna anayeenda vitani na ndege tupu. Boeing walilijua hilo ndio maana Silent Eagle walichukua yale matangi ya mafuta yaliyogandana ubavuni mwa F-15 wakayageuza kuwa makabati ya silaha, na Julai 2010 waliirusha ya majaribio na ikafyatua kombora la AIM-120 kutoka ndani ya kabati. Kazi safi ya mafundi, naivulia kofia. Lakini pale palipokuwa na mafuta sasa pana makombora, na ni machache kuliko yale ambayo F-15 ya kawaida inaning'iniza. Ukitaka kubeba mzigo kamili unarudi kuning'iniza nje na stelthi imeenda.

Na hata hiyo stelthi yenyewe walisema wazi ni ya mbele. Adui akiwa mbele yako sawa, akiwa ubavuni ule ubavu wa F-15 ni ukuta. Na kiwango cha kupakwa kingetegemea serikali ya Marekani imekubali mnunuzi fulani apewe nini. Yaani wewe mteja unalipa, lakini anayeamua unapata mikono mingapi ya rangi ni mtu mwingine.

Ndio nikufikishe Korea Kusini, manake ndiko Silent Eagle ilipofia. Walitaka ndege 60 na bajeti ilikuwa won trilioni 8.3. Washindani walikuwa 3, F-35 ya Marekani iliyochorwa stelthi toka mwanzo, Eurofighter ya Ulaya, na Silent Eagle, na mwaka wa 2013 Silent Eagle peke yake ndio ilitoshea ndani ya hiyo bajeti, kwa karatasi ilikuwa imeshinda. Watu wakapiga kelele. Wakuu wa zamani wa jeshi la anga 15 waliandika barua ya kupinga, wakisema jirani wa kaskazini iko na nyuklia na ndege inayohitajika ni ile ya kuingia bila kuonekana. Septemba 24, 2013 kamati ikaikataa. Mwaka uliofuata wakachukua F-35 40 badala ya ndege 60. Fikiria hiyo hesabu ya mnunuzi: afadhali 40 zinazojificha kweli kuliko 60 zinazojificha upande mmoja.

Wengine nao walifanya kinyume na bado wanakubaliana na mimi. Saudi Arabia, mwishoni mwa 2011, walisaini F-15 mpya 84 na kukarabati 70 za zamani, mkataba wa dola bilioni 29.4. Mikia imesimama wima vile vile. Hakuna kabati. Pesa yao iliingia kwenye rada mpya, mfumo wa usukani wa umeme, vifaa vya kuvuruga rada za adui, na uwezo wa kubeba makombora mengi zaidi. Qatar baadaye hivyo hivyo. Na jeshi la anga la Marekani lenyewe lilipoanza kupokea F-15EX mwaka wa 2021, ni ndege ya ukoo huo huo wa Saudi na Qatar, mikia wima, makombora nje yamejaa kama ndizi kwenye mkungu. Kwa hivyo ukiniuliza mbona hakuna aliyenunua Silent Eagle, ni kwamba mwenye kutaka stelthi alikuwa na F-35 ya kungoja, na mwenye kutaka F-15 aliitaka kwa sababu inabeba na inaenda mbali, na Silent Eagle ilikuwa inamwondolea hayo 2 ndio impe robo ya lile la kwanza.

Lakini nisiwe mkali sana. Kupunguza kidogo kuna faida moja ambayo haiko kwenye ile hesabu ya barabara. Ndege ikiwa na kifaa cha kuvuruga rada, kinachofanya ni kupiga kelele ili ule mwangwi wa ndege usisikike. Mwangwi ukiwa mdogo mara 10, kelele inayohitajika kuufunika ni ndogo mara 10. Kwa hivyo mtu anayepaka kioo utando na kuziba nyufa za mbele na kununua kifaa kizuri cha kuvuruga, huyo anafanya kitu cha akili, na ndio Rafale na Eurofighter na Super Hornet zilipo. Hawaziiti stelthi, wanasema tu alama imepunguzwa. Anayekuuzia hiyo hiyo na kuiita stelthi ndio mwongo.

Sasa F-5. Kenya ilizipata mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 70, baadaye zikaongezwa zingine 15 zilizotumika Jordan, na zimefanya kazi, 2011 zilienda Somalia. Ni ndege nzuri, nyepesi, inatengenezeka, na kwa umbo lake iko na bahati moja, ni ndogo. Upana wa mabawa ni kama mita 8 na F-15 ni 13, na ukitazama F-5 kutoka mbele ni kama sindano. Rubani wa upande mwingine huiona kwa macho akiwa amechelewa. Lakini huo udogo ndio unaiua kwa kazi unayoitaka wewe. Utaweka kabati la silaha wapi? Tumbo ni mafuta na injini, mabawa ni membamba kama ubao wa kukatia sukuma, kombora lake la kwanza linakaa kwenye ncha ya bawa kabisa, wazi. Injini zake ni 2 ndogo za J85, kila kilo unayoongeza zinaisikia, na rangi ya kumeza rada ni nzito, ina chuma ndani.

Na tayari kuna waliojaribu kukunja mkia. Iran walitoa ndege inaitwa Saeqeh, ukiitazama ni F-5 mwili wote isipokuwa mkia mmoja umekuwa 2 na imelazwa nje. Mimi nikiiangalia naona midomo ya hewa ni ile ile, makombora kwenye ncha ni yale yale, na mikia sasa ni 2 badala ya mmoja. Sijui unaona nini wewe.

Ajabu ni kwamba F-5 ilipata kweli mjukuu mwenye alama iliyopunguzwa. Northrop walichukua mawazo ya F-5 wakatengeneza YF-17 iliyopaa 1974, hiyo ikazaa F/A-18 Hornet, na Hornet ikazaa Super Hornet mwaka wa 1995. Ukiweka picha kando kando utaona undugu. Lakini kutoka Hornet mpaka Super Hornet tu, midomo ya hewa iliyokuwa ya duara ikawa ya pembe na kulala upande, ndani kukawekwa kizuizi mbele ya feni, milango na vifuniko vikakatwa meno meno kama msumeno, mwili ukaongezwa kama robo. Jina lilibaki ndio bunge la Marekani lisishtuke. Fundi akiangalia anajua hiyo ni ndege nyingine.

Umesema mabati na spreyi, wacha nikuambie kitu kuhusu hizo 2. Nikiwa mwanafunzi nilipiga kiraka kwenye bawa, saizi ya sahani ya chai, riveti 22, nikajiona bingwa. Mzee aliyenifundisha hakuvaa hata miwani. Alipitisha ukucha wa kidole gumba polepole kutoka bati hadi kiraka, ukucha ukakwama, akaniambia toboa zote uanze upya, akaenda kunywa chai. Ule ukingo ulikuwa mdogo kuliko unene wa kadi ya simu. Na hiyo ilikuwa kwa sababu ya hewa tu, ndege haikuwa ya stelthi. Kwenye ndege ya stelthi kila ufa, kila skrubu iliyochomoza, kila mlango uliofungwa vibaya ni kibati kinachowaka Riat, na lazima ujazwe na kulainishwa kila mara ndege ikifunguliwa. B-2, ndege ya stelthi ya Marekani ya kuangusha mabomu, inalazwa kwenye hanga zenye hewa ya kudhibitiwa kwa sababu ya ngozi yake. Sasa fikiria mvua ya Aprili na vumbi la Januari, na ndege ambayo imegongwa, ikanyooshwa, ikawekwa viraka miaka 40, mabati yake hayako sawa hata ukitumia rula.

Rangi nayo iko na mpaka wake. Inameza wimbi la urefu fulani kulingana na unene wake. Rada za kuongoza makombora nyingi zinatumia mawimbi ya sentimita chache, hapo milimita chache za rangi zinafanya kitu. Lakini kuna rada za zamani za mawimbi marefu, kama mita 2, na kwa hizo rangi yako ni kama hakuna. Machi 27, 1999 kule Serbia, kikosi cha kanali Zoltán Dani kiliangusha F-117 kwa kombora la S-125, mfumo wa miaka ya 60, na rada yao ya kutafutia ilikuwa ya mawimbi marefu. Hiyo ilikuwa stelthi halisi, imechorwa stelthi toka karatasi ya kwanza, na bado.

Kama mimi ndio ningepewa pesa ya kufufua F-5, mkia singegusa. Ningefanya kama Brazil, walichukua F-5 zao kupitia Embraer wakazigeuza F-5EM, rada mpya ya Grifo, vioo vya kisasa kwa rubani, kombora la Derby la kupiga mbali, na mawasiliano ya kutumiana picha ya vita kati ya ndege na ndege. Hapo kuna jambo moja watu wa ziwa wanalielewa haraka kuliko watu wa Nakuru. Ukiwa ufuo wa Dunga usiku huoni mashua ya omena hata moja, unaona taa. Taa ndio inamuuza mvuvi, na ndege ikiwasha rada yake yenyewe ni hiyo taa, inaonekana mbali kuliko yenyewe inavyoona, hata ukiwa umepaka nini. Sasa ndege 4 zikiwa na mawasiliano mazuri, moja inabaki nyuma kabisa na taa imewaka na 3 zinaenda mbele giza. Huko ni kujificha ambako ndege ya miaka ya 70 inaweza kununua na ikabaki ndege.

Swali lako la mwisho ambalo uliweka kama mzaha, na sikulinukuu pale juu, ni kama ukichanganya unga wa chuma kwenye rangi unaweza kupata ile ya kumeza rada na ujaribu kwa gari na ile mashine ya trafiki ya kupima spidi. Unga unaotumika ni laini sana, vipira vya chuma, na kila kipira kinatakiwa kikae peke yake ndani ya rangi bila kugusana na mwenzake, unene uwe ule ule kila mahali. Wewe ukichukua vumbi la grainda utapata gari zito lenye kutu. Na hata ungefaulu, taa zako ziko pale mbele na vioo vya kuakisi ndani, grili iko pale, na namba pleti imesimama wima katikati inamtazama askari usoni.